Hamna Mtu, Nipo Mimi Tu

Sogeeni mbele kidogo, wapendwa, nafasi zipo. Leo sina neno la kupigia kelele. Nina mama mmoja tu wa kuwaonyesha.

Kulikuwa na mjane katika bonde moja la mpunga, wote wakimwita Mama Atupele. Kwa kupenda watu, huyu hakuwa na mfano. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kushika mwiko. Mtu akijifungua, uji unatoka kwake. Katika maombi yake ya asubuhi alizitaja nyumba zote za kitongoji, moja moja, hata ya yule jirani aliyemkatia migomba kwa ugomvi wa mpaka. Ila alikuwa na tabia moja. Ukibisha hodi kwake, ukauliza, "Kuna watu humu?" jibu lilitoka jikoni lile lile siku zote: "Hamna mtu, nipo mimi tu!"

Mnacheka, kwa sababu mnamjua. Huenda umekaa naye benchi moja hapo.

Basi mwaka mmoja masika yalinyesha siku nne mfululizo, mto ukaacha njia yake. Asubuhi ya siku ya tano Mama Atupele aliamka akakuta maji yanamfika magotini. Akapanda darini alikohifadhi mpunga, akakaa juu ya magunia, akaanza kuomba. Aliwaombea wenye watoto wachanga. Aliwaombea wagonjwa. Maji yakazidi kupanda, ukuta wa upande wa jikoni ukaanza kumeguka. Aliogopa, wapendwa, aliogopa sana. Lakini hata hofu yake aliona si kitu cha kumsumbua nacho Mungu, mwenye kazi nyingi siku ile.

Ndipo akasikia makasia. Wanaume wawili wa kijijini walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba na mtumbwi, wakiokoa watu. Mmoja akaita kwa nguvu, "Hodi! Kuna mtu humo ndani?"

Na yule mama, kwa mazoea ya miaka arobaini, akaitikia, "Hamna mtu! Nipo mimi tu!"

Mvua ilikuwa bado inapiga bati. Walichosikia ni yale maneno mawili ya mwanzo. "Hamna mtu hapa," akasema yule wa mbele, "twende nyumba nyingine." Wakapiga kasia. Mama aliwasikia wakienda, na bado hakuita. Akajiambia moyoni, acha wawahi wenye shida.

Wangapi humu tumeona msaada ukitupita mlangoni, tukasema vivyo hivyo?

Walikuwa wamefika nyumba ya tatu, wameshampakia dada mmoja na mtoto wake, yule wa nyuma, aliyeitwa Ambwene, alipoacha kupiga kasia. "Ngoja kwanza," akasema. "Pale tulipoambiwa hamna mtu, nani alitujibu?"

Wakatazamana. Wakageuza mtumbwi mbio. Walikuta ukuta wa jikoni umeshaanguka, na mama ameng'ang'ania boriti kwa mikono miwili. Ambwene akapanda akamshusha, na kwa jinsi moyo ulivyokuwa umemruka, akafoka: "Mama, kwa nini unatuambia hamna mtu?"

"Si nilisema nipo mimi, mwanangu?"

"Na wewe si mtu?"

Ambwene akavua koti lake akamvika. Hata joto halijamwingia, mama akaanza kulivua ampe yule dada mwenye mtoto. "Livue uone kama sijajitosa majini," Ambwene akamwambia. "Huyu ana kanga mbili. Wewe umelowa chapachapa." Mama akalivuta lile koti mpaka shingoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake: "Nasikia baridi." Akalia.

Sasa tusikilizane. Bwana hakusema, mpende jirani yako *badala ya* nafsi yako. Alisema *kama*. Ni neno fupi, na kila Jumapili tunaliruka. Wapo wanaojipenda wakasahau jirani. Hao tunawahubiria kila wiki, na bado hawajasikia. Leo nasema na nyie mliochoka. Huwezi kusema unampenda Fundi huku unaitupa jalalani kazi ya mikono yake. Na kazi hiyo ni wewe.

Wala tusimcheke mama. Lile jibu alifundishwa na nani? Na sisi. Tulikuwa tunafika pale tukimtafuta mumewe alipokuwa hai, tukimkuta yeye peke yake tunasema, "Kumbe hakuna mtu, tutarudi baadaye." Tumekunywa uji wake miaka arobaini, hatukuuliza hata siku moja kama yeye amekula. Nani nyumbani kwako umemzoesha hivyo? Tutubu, wapendwa, maana hii ni dhambi hata kama haina kelele.

Haya, tuombe. Majina ya wengine tunayajua kwa moyo. Tuyaweke kando kwa dakika moja tu. Fumba macho, mtajie Baba jina lako mwenyewe, lile ulilobatizwa nalo, kisha mwambie unapoumia. Hajachoka kukusikiliza.

Naona wengine huko nyuma mmeshaanza kuombea watoto. Rudini. Jina lako kwanza.