Foleni ya Bi Siwema

Amkimbizaye mbwa hamwoshi aliyeumwa. Methali hii ilianza hivi, na wewe Tunu, mkono usiutoe bombani. Endelea kusugua kwa sabuni pale meno ya paka yalipoingia. Nanyi wawili mnaobishana nani alimkanyaga mkia, kaeni msikilize, maana mmeniuliza neno hili nimelitoa wapi.

Nimelitoa Tanga, kwenye kambi ya shamba la mkonge nilikozaliwa. Nyumba zilikuwa za mstari, jirani akikaanga vitunguu nawe unatokwa na mate. Waha, Wamakonde, Wabena, kila watu na ngoma yao, lakini bomba lilikuwa moja. Maji yalifunguliwa alasiri tu, na foleni ililindwa na Bi Siwema, mama mkali kama pilipili. Ukiiruka, ndoo yako unaikuta majanini. Mama yangu alikuwa hasemezani naye kwa sababu hiyohiyo. Leo natamani nimsikie Bi Siwema akitufokea tena.

Siku moja, nikiwa na umri kama wa Tunu, mbwa asiyejulikana alipita kambini akaniuma mguu. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kandambili. Zamani zile watu waliamini dawa yake ni manyoya ya mbwa yuleyule: unayachoma, majivu unayapaka kwenye jeraha. Basi wanaume wakashika marungu, mama akashika mchi, wote wakaingia mkongeni kumsaka mbwa. Hawakuniacha kwa kunichukia. Mama alikimbia kuliko wote, nami nikabaki nimekaa vumbini nalia.

Bi Siwema ndiye aliyeninyanyua. Alinipeleka bombani, akaisukuma kando ndoo iliyokuwa ikijaa, na ilikuwa ndoo yake mwenyewe. Akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaniosha, akasuuza, akaanza upya. Nilipiga mayowe, hakunijali.

"Dada Siwema, maji yatafungwa," akasema mmoja wa waliokuwa wakingoja.

"Yafungwe. Foleni ya leo ni ya mtoto huyu."

Mama akarudi anahema, manyoya kayafunga kwenye pindo la kanga. "Nipishe nimpake mwanangu dawa."

Bi Siwema hakusogea. "Mama Rukia, mdogo wangu aliumwa hivihivi. Mbwa tulimpata, na manyoya tulimpaka. Tuliyemkosa ni mdogo wangu. Mwisho wake alikuwa akiogopa hata maji ya kunywa."

Mama akalifungua lile pindo, manyoya yakaanguka chini, akapiga magoti akanishika mguu. Wanawake wale wasiosemezana waliniosha pamoja hadi bomba likakauka. Halafu wakanipandisha kwenye trela la mkonge kwenda hospitali, nikachomwa sindano, na nikarudishwa tena na tena mpaka zote zikaisha. Wengi hawakupika jioni ile, na sikusikia aliyelalamika.

Tangu hapo, watu wa kambi wakianza kutafutana nani kamwaga, nani kavunja, mama yangu alikuwa akiwaambia: amkimbizaye mbwa hamwoshi aliyeumwa. Neno likazoeleka, likawa letu sote. Kambi yenyewe haipo tena, na wenzangu wa foleni wametawanyika. Bi Siwema alipofariki, aliyeomba kumwosha ni mama yangu. Nililia siku ile kuliko nilivyolia bombani.

Haya Tunu, suuza sasa. Usipake kitu wala usifunge kitambaa, tunakwenda zahanati hivi hivi.

"Bibi," akasema Shomari, "ni mimi niliyemkanyaga."

Sikukuuliza, baba. Mletee mwenzako viatu, kisha umshike ule mkono mzima tuondoke. Habari za paka tutazungumza tukirudi. Amkimbizaye mbwa hamwoshi aliyeumwa.