Kiboko na Ukurasa wa Kumi na Moja

Paukwa!
Pakawa!
Mko hewani?
Tuko, na chaji ipo.
Basi asiyesikia leo asinipigie simu kesho.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, Kiboko alikuwa ukurasa wa kumi na moja. Hiyo ilikuwa wiki ya ishirini na tisa tangu aufikie ukurasa huo.

Kitabu kilikuwa na kurasa mia mbili na arobaini. Kilisimulia habari za fundi cherehani aliyevuka milima saba ili kumrudishia mteja kifungo. Wanyama wa kando ya mto walikuwa na nakala moja tu, kwa hiyo walifungua grupu la wasomaji kwenye simu, wakamweka Korongo kuwa msimamizi, naye Korongo akaweka sheria tatu. Kitabu hukaa kwa msomaji mmoja mpaka amalize, ndipo kiende kwa anayefuata. Msomaji hulishwa na wenzake kwa zamu, maana mwenye njaa huruka kurasa. Na sheria ya tatu, ambayo Korongo aliipenda kuliko zote: ni marufuku kuzungumzia ukurasa ambao msomaji hajaufikia, wasije wakamharibia utamu.

Kiboko alipopata zamu alisoma kurasa kumi na moja siku ya kwanza. Siku ya pili Twiga akamletea mzigo wa majani ya kunde. Siku ya tatu Ngiri akamletea mihogo. Kiboko akala, akafikiri, akaweka mguu juu ya kitabu, akawaandikia wenzake: "Ukurasa huu ni mzito, ndugu zangu. Siwezi kuukimbilia."

Katika ukurasa huo fundi cherehani anakunywa uji. Hakuna jambo jingine. Kwa wiki ishirini na tisa grupu zima likajadili uji. Twiga alisema uji ule ni subira. Ngiri alisema uji ni uji. Nungunungu alisema wote wawili hawajui kusoma, akajitoa kwenye grupu, akarudishwa, akajitoa tena. Kobe alitaka kupendekeza kitabu kingine. Korongo akamwambia asubiri, na kwa kusubiri Kobe hana mpinzani.

Aliyekuwa anafuata kusoma ni Pimbi, mama wa watoto wanne, mkazi wa mwamba ambako mtandao unashika vizuri kuliko mahali pengine. Zamu yake ya kumlisha msomaji ilikuwa Ijumaa. Alianza na matuta thelathini ya viazi vitamu, na kila Ijumaa alichimba moja. Sasa lilibaki tuta moja, nalo ndilo la mbegu. Likichimbwa hilo, watoto hawana cha kula mwaka huu wala cha kupanda mwaka ujao.

Jana yake alipopeleka viazi alikuwa amemuuliza Kiboko, kwa heshima, kama sura ya pili iko karibu. Kiboko akamjibu huku anatafuna.

"Bi Pimbi, kusoma si mashindano. Wiki ijayo viazi viwe vikubwa kidogo."

Basi Jumamosi hiyo Pimbi akapanda mwambani, akaandika neno moja kwenye grupu, akalituma, akalifuta kabla hajaliona mtu. Ting'! Simu ya Kiboko ikalia juu ya kichwa chake. Akasoma: *Ujumbe huu umefutwa.*

Kiboko akauliza kilichofutwa ni nini. Pimbi akaomba radhi, akasema amepitiliza, zilikuwa habari za mbele kitabuni alizosikia kwa waliomtangulia kusoma.

"Habari gani?"

"Za kiboko."

"Kiboko gani?"

"Sheria ya tatu, mzee."

Twiga alikuwa amekisoma kitabu, akajua hakuna kiboko. Ngiri naye alijua. Lakini kusema kilichopo mbele ni marufuku, na kusema kisichokuwepo pia ni kusema cha mbele. Wakanyamaza.

Kiboko akafunua, chakacha. Akasoma, ng'u-ng'u-ng'u. Kiboko hayumo.

Jumapili, ting'! *Ujumbe huu umefutwa.* Pimbi akaomba radhi. Kiboko akafunua, chakacha. Akasoma, ng'u-ng'u-ng'u. Kiboko hayumo.

Jumatatu, ting'! Safari hii Kiboko aliuliza kama huyo kiboko anasifiwa au anasutwa.

"Hapo kila msomaji ana maoni yake, mzee."

Kiboko akafunua, chakacha. Akasoma, ng'u-ng'u-ng'u. Jumanne mihogo ya Ngiri ilichukuliwa na maji bila mlaji kuigusa. Jumatano Kiboko hakujibu salamu. Alhamisi, saa kumi jioni, fundi cherehani alifika kwa mteja akiwa na kifungo mkononi, akaambiwa shati lenyewe lilishagawiwa. Kitabu kikaisha.

Kiboko akatoka majini, bwaaa! Akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Alitaja mlima mmoja baada ya mwingine na kila mnyama aliyekutwa hapo: mbuzi wawili, punda mmoja, kuku wa mjane. Akamalizia hivi:

"Nimekisoma chote, jalada mpaka jalada. Hamna kiboko. Pimbi ni mwongo."

Korongo akausikiliza ujumbe mpaka mwisho, kisha akaandika: "Hongera kwa kumaliza. Kitabu kiende kwa Bi Pimbi. Zamu yake ya Ijumaa utaishika wewe."

Kiboko akajaribu kuufuta ujumbe. Kasuku alikuwa ameshaukariri, pamoja na pumzi zake. Kiboko akasema basi hakuelewa vizuri, inabidi arudie kuanzia ukurasa wa kumi na moja. Korongo akajibu kwamba sheria ya kurudia haipo.

Ijumaa saa mbili asubuhi Kiboko alipanda mwambani, kitabu kichwani, boga mdomoni. Akaviweka chini.

"Ule ujumbe wa kwanza ulioufuta. Uliandika nini?"

"Viazi."

"Viazi tu?"

"Viazi tu, mzee. Kitabu umekionaje?"

Kiboko akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Pale mlima wa sita nililia."

"Usiniharibie utamu," akasema Pimbi, akavuta boga ndani.

Ngano imefika. Ikiwa tamu mtumie mwenzio, ikiwa chungu ifute kwako. Na funzo lake ni hili: kitabu cha kuazima kisome upesi, mwenzio anasubiri, na anayekikalia kwa ajili ya tumbo hana mwisho mwema.

Hadi Ijumaa iliyopita, saa mbili asubuhi, Kiboko alikuwa amepeleka maboga tisa mwambani. Tuta la mbegu halijachimbwa. Kobe bado anasubiri. Pimbi yuko ukurasa wa kumi na moja, na amewaandikia wenzake kwamba ni mzito.