Hatua Elfu Mbili za Peupe

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafua na kugombana na majirani, palikuwa na kichaka cha miiba kati ya nyumba zao na bwawa la maji. Hakuna aliyeweza kukipenya. Ndipo Ndovu akaja, krrrak! krrrak! akakanyaga miiba na kufungua njia moja iliyonyooka mpaka majini.

Njia nzuri, nasema kweli. Bi Nguchiro, mama wa watoto watatu, alikuwa akibandika maharage jikoni, anakimbia na kibuyu chake, anarudi, na maharage hayajaanza kuchemka.

Shida ni kwamba Ndovu hakujua kuacha. Njia imekwisha, yeye bado ana nguvu na hana kazi. Akaanza kuongeza.

Kwanza akaweka lango, na Kobe wa kuuliza watu kama wanakubali kupita.

"Unakubali?"

"Nilikubali jana, mzee Kobe."

"Jana ni jana. Unakubali?"

"Na nikikataa?"

"Nitakuuliza tena."

Baada ya Kobe akamweka Kasuku, kazi yake kukisia unakokwenda kabla hujafungua mdomo. "Unafuata asali! Hapana? Unakwenda kwa mganga! Hapana? Kwa shangazi yako!"

"Nakwenda majini, wewe! Njia nzima inakwenda majini!"

Kisha Ngedere, aliyewekwa kuonja maji ya kila mtu, eti kwa usalama wetu. Gu! gu! gu! Alikuwa na bidii huyo.

Siku moja kitinda mimba wa Bi Nguchiro akashikwa na homa. Mama akatoka alfajiri na kibuyu, akarudi jua la utosi, na ndani mmebaki mafunda matatu. Mgonjwa akayanywa yote, akaomba mengine. Ndugu zake wawili wakatazama tu, midomo imekauka.

Hapo ndipo Bi Nguchiro alipochoka.

Kulalamika? Nyati alikwisha kulalamika, pembe chini, vumbi juu. "Mjomba Ndovu, punguza takataka hizi!" Ndovu akamsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru kwa maoni yake, na kesho yake akamsimamisha Mbuni njiani kukusanya maoni ya kila apitaye. Kero tatu zikawa nne.

"Huyu ukimwambia 'punguza' hasikii," Bi Nguchiro akawaza. "Na masikio yote yale! Anasikia 'ongeza' tu. Haya, tuongeze."

Akamwendea, sauti laini kama siagi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti. Umempenda Mbuni wangu?"

"Mno! Tatizo ni Kifaru."

Masikio ya Ndovu yakasimama, paa! "Kifaru kafanya nini?"

"Kafungua njia yake ng'ambo ya kilima. Mjomba, ana hatua elfu moja za peupe! Unatembea, unatembea, hugusi kitu, hukutani na swali. Wageni wanatoka mbali kuja kushangaa. Jana wakaniuliza, 'Na mjomba wako anazo ngapi?' Nikatazama chini kwa aibu."

Kifaru mwenyewe, wanangu, wiki hiyo alikuwa kalala kwenye tope na jino linamuuma, hajafungua hata dirisha. Lakini Bi Nguchiro aliyasema hayo bila kupepesa jicho.

"Mimi ninazo nyingi kuliko yeye!" Ndovu akafoka. "Twende tuzihesabu!"

Wakaenda. "Moja, mbili, tatu..."

"Unakubali?" akauliza Kobe.

"Aa, niache! Moja, mbili, tatu, nne..."

"Kwa mganga!" akapayuka Kasuku.

"Umenivuruga hesabu!"

"Pole, mjomba," akasema Bi Nguchiro kwa huzuni kubwa. "Basi ni hizo nne. Mwenzio ana elfu."

Ndovu akapumua, fuuu! Majani yakapeperuka. "Naongeza hatua elfu mbili za peupe! Leo hii!"

"Lakini utaziweka wapi, mjomba? Pamejaa."

"Nitazitafutia nafasi!"

Krrrak! Lango likaenda. Pu! Kiti cha Kasuku kikaenda, na Kasuku akaruka kukifuata. Ngedere akaondoka mwenyewe kabla hajaondolewa. Mbuni alikwisha kukimbia, maoni yote kwapani. Kobe akabebwa na kuwekwa pembeni, ambako aliuliza jiwe kama linakubali.

Njia ikabaki njia. Ndovu akaitembea akihesabu kwa sauti, na ghafla miguu yake ikalowa.

"Kumbe! Mbona nimefika upesi hivi?"

"Ndizo hatua zako hizo, mjomba. Nani anazo kama wewe?"

Ndovu akavimba kwa raha. "Sasa niweke kibao kidogo tu pale katikati, chenye jina langu..."

"Zitapungua hatua tatu, mjomba."

Ndovu akafikiri. Akameza mate. Akaacha.

Bi Nguchiro hakungoja zaidi. Kibuyu kimejaa mpaka shingoni, mbio, chu! chu! chu! mpaka nyumbani. Mgonjwa akanywa, ndugu zake wakanywa, na yakabaki maji ya kulowesha kitambaa na kukiweka kwenye paji la uso la mtoto. Kufika jioni, homa ikaanza kushuka.

Basi ndiyo hivyo, wanangu: mkubwa asiyejua kupunguza, msifie nafasi tupu mpaka aione kuwa ni mali.