Pembe za Nyati Mbele ya Mtemi

Ajipelekaye hafungwi kamba. Mmeisikia leo ikisemwa kwenye usuluhishi wa akina Maduhu, mkanikimbilia kuniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Chanzo chake ni hiki.

Hapo kale, katika nchi ya Ulyambo, kila mtu aliwinda alichotaka na wakati alipotaka. Wakaja pia wageni wenye bunduki. Haukupita muda mrefu, mbuga zikabaki na vichuguu tu. Mtemi akaitisha baraza kuu, na baraza likatunga sheria: asiwinde mtu bila kibali, yaani kipande cha ngozi chenye chapa ya Mtemi. Anayetaka swala alipe ada ya jembe. Anayetaka nyati alipe mbuzi. Masika, wanyama wanapozaa, kibali hakitolewi kwa yeyote. Atakayevunja sheria, upinde wake uchomwe, naye afukuzwe nchini pamoja na nyumba yake yote.

Mwindaji aliyeitetea sheria hiyo kuliko wote aliitwa Lugembe. Alisimama barazani akasema, "Bora nilipe mbuzi nipate nyati, kuliko niwinde bure nirudi na kuni." Watu walicheka, lakini walimwelewa.

Sasa, masika moja, Lugembe alikuwa akipalilia mtama na mkewe, Milembe, aliyembeba mtoto wao Nkwabi mgongoni. Mara nyati dume, begani ana jeraha bichi la makucha ya simba, akachomoka kichakani na kumwelekea Milembe. Lugembe hakupata nafasi ya kuwaza. Aliunyakua mkuki wake uliosimikwa kando ya shamba, akamwendea mnyama ubavuni, akamchoma kwa nguvu zake zote. Nyati alianguka karibu mno na Milembe, hata matope yakamrukia usoni.

Walishikana, mtoto analia. Kisha Lugembe akakumbuka sheria. Nyati. Masika. Bila kibali.

Majirani walifika wakiwa na visu. "Una bahati, bwana," alisema Masunga, jirani yao wa karibu. "Tugawane nyama upesi, pembe tuzitupe mtoni. Nani atakwenda kusema?"

Lugembe alitamani sana kukubali. Alimtazama mkewe.

"Tukimla huyu, baba Nkwabi," Milembe alisema, "kila mbwa akibweka utadhani askari wamefika. Utaishi hivyo mpaka lini?"

Lugembe akachukua shoka, akazikata pembe, akajitwika, akashika njia ya ikulu kwa Mtemi. Aliwaza ni nchi gani ingempokea, mtu aliyefukuzwa kwao, ana mke na mtoto mchanga.

Hajafika mbali, akakutana na askari wa Mtemi. Walikuwa wameona tumbusi wakizunguka angani, nao wanakuja kuwinda mwindaji. Mkubwa wao, Ng'wandu, alikuwa na kamba mkononi.

"Pembe hizo umezitoa wapi?"

"Nimeua nyati shambani kwangu. Nazipeleka kwa Mtemi."

Ng'wandu aliitazama kamba, akamtazama Lugembe, akaizungusha kamba kiunoni mwake. "Basi tangulia," akasema. Askari wawili akawatuma shambani.

Barazani Lugembe alieleza yote, hakuficha neno. Mzee Shilinde, msemaji wa baraza, akatikisa kichwa. "Sheria iko wazi. Na wewe mwenyewe uliishangilia hapa hapa."

"Niliishangilia, mzee. Bado naipenda. Ila nyati hakuniuliza kibali."

Mtemi akamgeukia Ng'wandu. "Mbona hukumfunga?"

"Nilimkuta njiani anakuja, Mtemi. Ningemfunga nimzuie asiende wapi?"

Mtemi alicheka, wazee wakacheka, ila Shilinde. "Tukimwachia huyu," alisema, "kesho kila mtu atadai nyati alimvamia." Lugembe aliona kwamba mzee huyo hana ubaya, alisema kweli tupu.

Hapo wakarudi wale askari wawili. Walisema nyayo za nyati zimetoka kichakani moja kwa moja hadi kwenye jembe la mwanamke. Na huyo mwanamke wamemkuta ameketi kando ya mzoga, mtoto mgongoni, fimbo mkononi, akifukuza tumbusi na majirani. Hakuna hata mnofu uliokatwa.

Shilinde akasema, "Mwizi wa nyama haachi nyama. Mtemi, sheria yetu ina tundu. Tulizibe."

Wakaliziba siku hiyo hiyo: atakayeua mnyama kwa kujiokoa, aje mwenyewe na pembe kabla ya kuitwa; hatatozwa ada, wala hatafukuzwa, na nyama itakuwa ya kijiji kizima. Atakayengoja kufuatwa, sheria ya kwanza ni yake.

Lugembe alirudi akikimbia kama mtoto. Milembe alimwona kwa mbali, akatazama kama anafuatwa na askari. Hakuona mtu. Akaketi pale pale kwenye matope, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Hawakukufunga?"

"Nilijipeleka, mama Nkwabi. Wangenifungia nini?"

Jioni hiyo kijiji kizima kilikula nyama hadharani bila kutazama mlangoni, Masunga akiwa wa kwanza kunyoosha bakuli. Neno la Lugembe likapita mdomo hadi mdomo, likifupishwa, mpaka likatufikia hivi: ajipelekaye hafungwi kamba.