Wapo Tu

Mama mmoja, jina lake Namsifu, alikuwa akichambua maharage ya jioni, ungo mapajani, binti yake Nakiete alipoingia na simu mkononi.

"Mama, Kisaka amekosa msaada wa chuo. Dirisha la rufaa linafungwa kesho."

Mikono ya Namsifu ikasimama juu ya maharage.

Alikuwa na watoto watatu, wote wa chuo. Mbonea na Nakiete walipata msaada kiduchu, pengo akiliziba yeye kwa cherehani. Kisaka, wa mwisho, asipopata kitu angebaki nyumbani. Cherehani moja haikuweza kubeba watatu.

Zamani walikuwa wanne. Siku moja aliwahesabu kwa furaha mbele ya wageni, na kabla ya mavuno akamzika mmoja. Tangu hapo hakuhesabu tena. Aliyemuuliza ana watoto wangapi alijibiwa, "Wapo tu, tunamshukuru Mungu." Akawafundisha na watoto kujibu hivyo hivyo. Basi kila mmoja alipokwenda kuomba msaada na kuulizwa nani mwingine kwao yuko chuoni, alisema, "Ndugu zangu wapo tu." Karani hakuwa na pa kuandika "wapo tu." Akaandika hakuna. Kule ofisini Namsifu akawa mama wa mtoto mmoja, mara tatu, na mwenye mtoto mmoja huonekana anajiweza.

Asubuhi alikwenda ofisini. Karani, mwanamke wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza ana watoto wangapi chuoni, akajibiwa, "Wapo tu."

"Mama, siwezi kumsaidia mtoto unayemficha. Wataje wote."

Namsifu aligeuka akatazama mlango, kana kwamba kuna mtu amesimama nje akisikiliza. Kisha akataja. Mbonea, mmoja. Nakiete, wawili. Kisaka, watatu. Karani akaandika, akasema watapigiwa simu. Hakuahidi kitu.

Siku ile nzima kila pikipiki iliyopiga breki barabarani ilimshtua. Jioni Mbonea alichelewa. Namsifu alipakua maharage na ugali, akaiacha sahani moja imefunikwa, akashindwa kukaa. Hatimaye mlango ukasukumwa, Mbonea akaingia na viatu vya tope.

"Mmeshanimalizia?"

"Bado kidogo," alisema Kisaka. "Tulikuwa tunagombania nyama yako."

"Nyama gani, na leo ni maharage?"

Namsifu hakucheka. Alinyoosha kidole, akawahesabu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu. Wote walikuwepo. Simu ilikuwa mezani, kimya bado. Akaketi, akala.

Nasi wenzangu, tunapoulizwa mzigo wa nyumbani na kujibu "wapo tu," tunawaficha watoto wetu wasionwe na kifo, au wasionwe na msaada?