Mazishi ya Jibini Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, zama ambazo wanyama walikuwa na meko na makabati na walijua kupangusa miguu kabla ya kuingia sebuleni, aliishi Kiboko mmoja katika ziwa dogo lililozungukwa na ukingo mrefu. Wenzake walimwita Baba Tope, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mpole, mwenye moyo safi, na mtumwa wa jibini.

Kabatini mwake hazikukosekana jibini tatu. Ya kwanza ilikuwa laini, ya maziwa ya mbuzi. Hiyo aliila asubuhi, kwa kuwa tumbo lililoamka, alivyodai, halipendi kushtuliwa. Ya pili ilikuwa ya moshi, iliyokaa juu ya meko hata ikapata rangi ya asali. Hiyo ilikuwa ya mchana. Ya tatu ilikuwa kongwe, ngumu, yenye harufu ya kuwafukuza inzi. Hiyo aliila katika muda wowote uliosalia.

Mwaka huo mvua ikakawia. Maji yakapungua hata migongo ya viboko ikawa inaota jua bila kupenda. Wazee wa kundi wakakata shauri: kabla ya mwezi wa pili kuandama, wote watapanda ukingo na kuhamia mto mkubwa ulioko upande wa pili. Atakayeshindwa kupanda atabaki na matope yake.

Baba Tope akaujaribu ukingo siku iyo hiyo. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akahema hee, hee, hee. Hatua ya nne akateleza kwa makalio hadi majini, chubwii, na samaki wawili wakarushwa nchi kavu.

Mkewe hakucheka. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba akibaki yeye, naye atabaki, na watoto watalelewa na shangazi yao. Maneno hayo yalimchoma Kiboko kuliko mwiba. Akaapa kwamba tangu kesho ataacha jibini, na kila alfajiri atatembea.

Alfajiri ya kwanza nyasi zilikuwa na umande, na umande humtia mtu baridi ya nyayo. Ya pili hapakuwa na umande, akahofia vumbi. Ya tatu aliamka vizuri kabisa, akasimama mlangoni, akaona kwamba kusimama nako ni mazoezi. Na jibini? Hakuila, aliiaga tu. Kila siku alikata kipande kimoja cha kuagana, na kwa kuwa jibini zilikuwa tatu, adabu ilimlazimu aziage zote.

Ndipo alipofika Sange, yule mnyama mdogo kama ngumi, mwenye pua ndefu isiyotulia. Ukoo wa Sange na ukoo wa Kiboko zilikuwa na utani tangu enzi za mababu. Sange aliruhusiwa kumtukana Kiboko hata mbele ya wakwe, na Kiboko hakuruhusiwa kununa. Tena msiba ukitokea kwa mmoja, mtani ndiye mchimba kaburi na msimamizi wa mazishi.

"Mtani," alisema Sange, "tumbo lako limekwisha kunipokea mlangoni. Wewe mwenyewe utafika saa ngapi?"

Kiboko akamkaribisha ndani. Akamweleza yote: ukingo, mke, umande na vipande vya kuagana.

Sange akakuna pua. "Kosa lako ni moja, mtani. Unamuaga aliye hai. Aliye hai ukimuaga, atakuitikia. Mzike."

"Jibini izikwe, nayo haina roho?"

"Ina harufu. Kitu chenye harufu kama ile ya kabatini mwako, ama kina roho, ama kimekwisha kukata roho. Vyovyote vile, mimi ni mtani wako. Niachie."

Kiboko aliipima hoja hiyo kwa muda mrefu, asione ufa. Basi Sange akachimba kaburi juu kabisa ya ukingo, akisema marehemu walikuwa watu wa heshima na hawastahili kulazwa matopeni. Alikataa kusaidiwa, akachimba siku mbili, krr, krr, krr, ingawa kaburi lenyewe lilikuwa dogo kama sufuria.

Viboko wote wakaja mazishini, maana matanga hayapingwi. Jibini tatu zikavikwa majani ya mgomba na kupandishwa. Baba Tope, asiyeweza kupanda, akalia akiwa chini, huku Sange akisimama juu na kughani:

*Jibini yetu ya moshi, leo twakupa mkono,*
*Tulikula kwa utashi, hata tukawa wanono,*
*Pumzi hazitutoshi, kupanda ni mapigano,*
*Lala chini hatubishi, tumevunja mapatano.*

Udongo ukatupwa, pu, pu, pu. Kisha Sange akashuka na kumkumbusha mfiwa kwamba mila inamtaka afike kaburini kila asubuhi kwa siku arobaini, kuweka kokoto moja. Mfiwa asiyefika, watu husema hakumpenda marehemu.

Hapo umande ulisahauliwa; kila siku aliondoka kundi zima lingali usingizini, asimwambie mtu. Kiboko alistahimili kuitwa mnene. Kusemwa kwamba hakuipenda jibini, hilo hakulistahimili. Asubuhi ya kwanza alifika hatua ya nne, akataka kurudi, mara upepo ukamletea harufu ya ile kongwe. Akapanda ya tano. Siku ya kumi alifika katikati. Siku ya ishirini alifika juu, akaweka kokoto zote alizokuwa akidaiwa na mila, akaketi, akanusa, akalia kidogo, akashuka kula nyasi.

Lakini harufu ikawa inafifia. Siku ya thelathini ilikuwa kama uvumi tu. Siku ya thelathini na saba haikuwapo kabisa, na uvumilivu wa Baba Tope ukaisha pamoja nayo. Akaupanda ukingo mbio, akachungulia kulia na kushoto, akaanza kufukua kaburi kwa mdomo.

Akakuta majani ya mgomba, yamekunjwa vizuri. Chini yake palikuwa na tundu la mviringo. Na ndani ya tundu ikatoka sauti ya mke wa Sange: "Baba Kidoto, ya moshi imebaki kipande. Nikutilie kwenye uji?"

Kiboko akanguruma hata kokoto zikaruka. Sange akatoa pua, kisha macho.

"Mtani, unafukua kaburi? Watu wakikuona?"

"Jibini zangu ziko wapi?"

"Wafu huoza."

"Nionyeshe mifupa."

"Ewe mtani, lini uliona jibini yenye mifupa?"

Kiboko angeshtaki, lakini mtani hashtakiwi. Tena angewezaje kueleza barazani alikuwa akitafuta nini kaburini?

Wakati huohuo zikasikika sauti kutoka chini. Maji yalikuwa yamekwisha mapema kuliko ilivyotazamiwa, na kundi lilikuwa limejipanga kuondoka. Mama Tope alikuwa akiwakabidhi watoto kwa shangazi yao, huku akiwaomba wazee wasubiri kidogo, labda wapatikane wenye nguvu wa kumsukuma mumewe.

"Mama Tope," akaita Kiboko, "nisukumwe niende wapi? Mimi niko huku juu."

Mama Tope akainua uso. Akamwona mumewe kileleni, hahemi, ana udongo puani. Akawanyakua watoto kwa shangazi na kupanda bila kuuliza neno.

Kiboko akamgeukia Sange, akainamisha kichwa hadi kwenye tundu, akanong'ona mkewe asisikie:

"Niambie kweli, mtani. Ile kongwe, ilikuwa imeiva?"

Sange akaweka mkono kifuani. "Marehemu," akasema, "alikuwa mwema sana."

Basi, wanangu: aliyeshindwa na kinywa chake, na ampe ufunguo wa kabati mwenye njaa kumzidi.