Nyanjige Aliyevuta Mitumbwi Mitano

Ilikuwa siku ya pili baada ya kuandama mwezi wa kupanda mtama, jua likiwa limeanza tu kuuacha utosi, mababu wa mababu zetu walipoufikia mwambao huu wa Nyaruguma, na hapo ndipo udhia ulipoanza. Hapakuwa na nyumba wala njia, ila mafunjo na viboko. Aliyewaongoza ni Nyanjige binti Mafwimbo, mjukuu wa Kasusura mchonga makafi, Nyanjige wa mabega mapana, mwanamke aliyepiga kafi kutoka kisiwa cha Irubwe bila kupokewa, huku amekipakata kati ya magoti yake chungu cha makaa ya ukoo.

Jueni thamani ya makaa yale. Mafwimbo alipokufa, ndugu yake alitwaa kisiwa, akawafukuza watu wa marehemu na kutamka mbele ya wote: "Moto wenu ukizima, njooni mwombe kwangu. Lakini atakayeomba atanilimia, yeye na wanawe na wana wa wanawe." Na kwa sheria yao, moto wa kupekecha ulifaa kuchomea samaki njiani tu, haukufaa kuanzishia mji. Kwa hiyo kila Nyanjige alipofunua chungu na kuona wekundu umefifia, aliyapuliza makaa na kuzidi kupiga kafi.

Nchi kavu ilikuwa mbele yao, karibu kiasi cha kuigusa kwa kafi. Hakuna aliyeshuka.

Desturi ya Irubwe ilikuwa hivi: mdogo hutangulia kushuka chomboni, akajaribu matope, mkubwa hufuata. Kisiwani kila mtu alijua nafasi yake. Lakini mitumbwi hii mitano ilibeba milango mitano ya ukoo, na kila mlango ulijihesabu kuwa mkubwa. Mwenye kushuka kwanza leo angekuwa mdogo milele, yeye na kizazi chake.

"Shuka, Mugusi," alisema Mzee Malima, amekunja mikono, akimwambia mzee wa mtumbwi wa jirani. "Mimi nilikuona unazaliwa."

"Uliniona kwa macho gani, nawe ulikuwa bado unatambaa na kula udongo?"

"Hata huo udongo niliula kabla yako!"

Watu wakacheka, na kucheka kwao kulimuudhi Nyanjige kuliko ugomvi wenyewe, maana kulionyesha kwamba wana nafasi ya kucheka. Watoto walikuwa wakilia njaa. Upande wa machweo wingu lilikuwa limevimba, jeusi kama sufuria. Alikuwa amevuka mawimbi ya siku tatu, alikuwa amemchoma kiboko mkuki wa pua mtumbwi usipinduliwe, na sasa watu wake wangekuwa watumwa kwa sababu ya hatua moja ambayo hata bata huichukua bila kikao.

Tone la kwanza likamwangukia mkononi. Akasimama.

"Baba zangu, nimechoka nanyi. Mimi, kifungua mimba wa Mafwimbo, kuanzia leo ndimi mdogo wenu nyote. Haya, semeni tena."

Akampa chungu mjane Nyamumwi, jirani yake mtumbwini, akajitosa majini hadi kiunoni. Alichukua kamba nene ya kukokotea nyavu, akaipitisha katika matundu ya omo, pua za mbele za mitumbwi, zote tano, akazipanga sawasawa kama meno, akajifunga ncha kifuani na kuvuta. Mitumbwi ilikuwa imejaa watu, mbuzi, mawe ya kusagia na wazee wasiokubali kushika hata kafi. Mishipa ya shingo ikamsimama kama mizizi, miguu ikazama topeni hadi magotini, naye akavuta.

"Wetu umetangulia!" akapiga kelele Malima. "Urudishe nyuma kidogo!"

Nyanjige hakugeuka. Omo zote tano zikapanda mchangani kwa mkwaruzo mmoja. Hakukuwa na wa kwanza, hakukuwa na wa mwisho, na Nyamumwi akakimbiza chungu chini ya ngozi ya ng'ombe mvua ilipomwagika.

Ungedhani wangeshukuru. Mvua ilipokatika walikaa kikao, na kwa mara ya kwanza tangu watoke kisiwani Malima na Mugusi wakakubaliana.

"Mwanangu, tunakupenda," alisema Mugusi. "Lakini umetamka mwenyewe kwamba u mdogo wetu. Mdogo hashiki moto wa ukoo."

"Basi ashike nani?"

Hilo wakalibishania hadi jua likazama. Kuni hazikuletwa, kwa kuwa wazee hawaokoti kuni, na vijana walingoja kujua wanamwokotea nani. Kila kijiti kilikuwa kimelowa. Nyanjige akalitazama kafi la Kasusura, alilokuwa amelilaza mtumbwini chini ya ngozi, likabaki kavu. Akalivunja kwa goti, akaulisha moto ule kipande kwa kipande mpaka kukapambazuka.

Ndiyo maana hadi leo Nyaruguma mitumbwi hufungwa pamoja na kuvutwa ufukweni kwa kamba moja. Na anayechaguliwa kuamua magomvi yetu tunamwita Mdogo Wetu, naye hupakuliwa chakula kabla ya wazee. Alikokwenda Nyanjige hatujui. Wa Malima husema aligeuka chemchemi, wa Mugusi husema alikwenda kuanzisha mji mwingine wenye watu wasikivu, nao hawajaacha kuzozana. Lakini alilolifanya asubuhi ile hakuna anayelibisha.

Alipanga mafiga mahali patano, akagawa makaa yote, kila mlango fungu lake, asibakishe hata kaa moja la kuitwa la ukoo. Kisha akakipeleka chungu kitakatifu ziwani, akakisugua kwa mchanga, akakijaza maji, akakiinjika juu ya moto wa Nyamumwi na kukoroga uji wa mtama. Wazee walimtazama, midomo wazi. Akala wa kwanza, amesimama, bila kumkaribisha mtu, mpaka akashiba. Akawapakulia watoto uliobaki, akajifuta mdomo kwa kiganja, akaingia kwenye mafunjo.